Shikamoo ya Mzee Polikarp

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mchezo umekamilika! Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimejifundisha mwenyewe, huku nasaga mahindi ya watu. Mchezaji anaswaga ng'ombe kutoka Mtowisa hadi Sumbawanga mjini, ila kwanza kompyuta inamuuliza umri, inamsalimu. Jumamosi Mzee Polikarp, mwenyekiti wa kituo cha vijana, ataujaribu, kisha achague mwalimu wa kompyuta. Nafasi moja. Yangu.

Nimejaribu umri wa 60. Ikajibu: "Mambo, mshikaji!" Mtu mzima na heshima zake! Nimeandika wazi: umri ukizidi 10, mambo, la sivyo, ukizidi 50, shikamoo. Sitini haizidi hamsini? Kompyuta haijui hesabu.

Jumanne, 10 Juni

Scola, anayeitaka nafasi yangu, kachungulia bila kuitwa. Kacheka. Eti sitini inazidi kumi pia, kwa hiyo inaishia sharti la kwanza, la pili haifiki. Eti kaka, anza na hamsini, mistari miwili tu, ukanywe chai. Nikamwambia nimefunga mashine tano za kusaga, Kasense hadi Ilemba, sifundishwi kupanga vitu. Nikaandika SHIKAMOO kwa herufi kubwa.

Wapi!

Jumatano, 11 Juni

Akili! Kwani anacheza nani? Mzee mmoja tu. Nikaenda kwa mkwewe, Cornelia, nikajidai nataka kumwombea Mzee misa, ana miaka mingapi? Akasema 68, tena Ijumaa wanamfanyia sherehe ya kuzaliwa, nisikose.

Nimeweka juu kabisa: umri ukiwa 68, shikamoo. Nimejaribu mara kumi. Shikamoo kumi!

Ijumaa, 13 Juni

Sherehe. Ugali wa ulezi, kuku wa kienyeji. Nimemwimbia Mzee hongera kuwapita wajukuu zake. Scola kaondoka mapema. Anaogopa.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee kaja na koti lake la Pasaka. Kavaa miwani. Kaandika 69.

SITINI NA TISA!

"Mambo, mshikaji!"

Mzee akanigeukia, akajibu poa tu, mshikaji. Kisha akamuuliza Scola ataanza lini.

Jumapili, 15 Juni

Mahubiri sikuyasikia. Nimeshajua kosa liko wapi: Mzee kaongeza mwaka bila kunitaarifu.

Nimeweka sharti la 69. Na la 70. La 71. Kuanzia 51 hadi 100 ni masharti hamsini tu, na nimeshafika 83. Scola na mistari yake miwili! Uvivu mtupu.

Juni ijayo Mzee anatimiza sabini. Aje tu.