Ombi la Kupimiwa Nyama kwa Ukubwa wa Mtu, Si kwa Kiganja

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mradi wa Lishe Bora na Mazoezi kwa Familia.

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa nakusalimu nikiwa na njaa.

Mimi ni fundi saa, mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili. Kila Jumamosi familia yangu huhudhuria mafunzo yenu ya kupika na kujinyoosha pale ukumbi wa mtaa. Sikuwazuia. Nilidhani mtawafundisha kupunguza mafuta, wao wapunguze, na mimi niendelee na maisha yangu. Kumbe mmekuja kuipindua serikali ya nyumbani kwangu! Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiganja. Nesi wenu ameitangazia familia yangu kwamba kipande cha nyama cha mtu kisizidi kiganja chake mwenyewe. Mwenyekiti, umewahi kuviona viganja vya fundi saa? Kazi yangu ni kushika skrubu ambazo wewe ungezidhania ni vumbi. Mungu alinipa mikono ya kazi hiyo, nami nilimshukuru miaka yote hadi Jumamosi ile. Sasa, kwangu anaishi pia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kukaa wiki moja mwaka juzi. Yeye ni mwashi, na wenzake kazini humwita Beleshi kwa sababu ya mikono yake. Matokeo unaweza kuyaona hata ukiwa hapo ofisini: mimi mwenye nyumba napewa kipande cha kufunika stempu, na Beleshi anapewa kipande kinachoning'inia nje ya sahani. Nilijaribu kutanua vidole. Binti yangu wa miaka kumi, ambaye mmemvimbisha kichwa hadi anajiona mkaguzi, akanikumbusha mbele ya watu wote kuwa vidole havihesabiwi.

2. Mke wangu. Tangu tuoane mwanamke huyu alikula jikoni, baada yetu, na kila nilipomuuliza alisema ameshiba. Nyumba ilikuwa na amani. Mradi wenu ukamfundisha kuweka kiganja chake mezani kama watu wengine, ikagundulika kwamba, kwanza, hakuwa ameshiba hata siku moja, na pili, kiganja chake ni kikubwa kuliko changu. Mambo yote mawili yangeweza kabisa kubaki bila kujulikana. Inaniuma, na sifichi kwamba inaniuma, kumeza mate huku namtazama mke wangu akitafuna paja la kuku bila hata kunitupia jicho.

3. Matembezi ya jioni. Zamani nikitoka na familia yangu nilitangulia. Sasa mmeagiza kila mmoja atembee kwa mwendo wake, na mwendo wangu umenirudisha nyuma kabisa, sambamba na bibi wa jirani na mkongojo wake. Jana aliniambia nijikaze.

4. Ufagio. Nesi yuleyule alisema kufagia, kudeki na kufua ni mazoezi kamili ya mwili. Mke wangu akapiga hesabu papo hapo, akaona kwamba yeye ameshafanya mazoezi ya kumtosha hadi uzeeni, akanikabidhi ufagio. Wateja wanaoniletea saa asubuhi wananikuta nimeinama ngazini na tambara la kudekia. Mmoja aliniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikamjibu ametoka kidogo.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu ipitishe yafuatayo. Nyama igawiwe kwa ukubwa wa mtu: mkubwa wa nyumba achague kwanza, wengine wafuate kwa umri wao, kama ilivyokuwa enzi za marehemu baba yangu. Kama hilo ni gumu, kila mwenye nyumba apewe Kiganja Rasmi cha Baba, kilichochongwa na seremala kwa mbao ngumu, kisichopungua upana wa sahani. Mashemeji wote wapimwe wakiwa wamekunja ngumi. Na mtu akisema ameshiba aaminiwe kama zamani, bila uchunguzi zaidi.

Msiponisikiliza nitamwandikia waziri. Waziri naye akininyamazia, nitamwandikia mama mkwe, ambaye ndiye aliyewazaa hawa wawili wenye mikono.

Nisalimie katibu, mweka hazina, mlinzi wa ukumbi na akina mama wote wa zamu ya jikoni. Nesi pia msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi, ninayeamini kwamba mkubwa ni mkubwa hata mezani,

Baba Mwenye Nyumba (kwa sasa)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nimepata habari kwamba kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, anakuja Ijumaa kukaa nasi mwezi mzima. Huyu ndiye aliyekula mapaja ya kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu, eti kwa sababu yeye ni mkubwa, huku mimi nikipewa shingo na kuambiwa nitakua. Nimeikumbuka vizuri mikono yake. Ni midogo kuliko yangu. Tafadhali kamati isibadilishe neno hata moja, na nesi aje mwenyewe Ijumaa wakati wa chakula cha jioni. Nitampisha kiti changu.