Ombi la Kuhamisha Mto wa Ziwa Halvorson

Kwa Bi Ardis Fonstad,
Mkuu wa Ofisi ya Ramani za Barafu,
Tollerud, Minnesota.
Alhamisi, 15 Januari 1987

Bi Mkuu,

Natumai mafua yamekuachia. Mimi nina bahati ambayo wengine huiombea kanisani wasiipate: miaka kumi na tisa nashona pamoja programu za kompyuta za watu, na haijafumuka hata moja. Chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu kilikuwa kinanichelewesha.

Asubuhi umeniuliza, "Duane, una hakika? Ukitia sahihi, kesho saa sita ramani inakwenda kwa mchapaji, na Jumamosi wavuvi wataegesha magari yao barafuni kwa kuifuata." Nina hakika. Na nina malalamiko.

1. Mzee Harlan Tollefson anapiga hesabu za unene wa barafu kwa Fortran, lugha ya kompyuta aliyoianza kabla hajaoa. Marlys Quist anachora ramani kwa lugha ya C. Kila mmoja ana kitafsiri chake cha kugeuza maandishi kuwa tarakimu za mashine, na vitafsiri hivyo havijuani hata kwa salamu. Wa kuviunganisha ni mimi. Harusi nafungisha mimi, keki wanakula wao.

2. Harlan hulijaza jedwali la ziwa kwa safu za kushuka. Marlys hulisoma kwa mistari ya kwenda pembeni. Nilipowaomba wakubaliane, Harlan akanijibu, "Mimi nilikuwa nashusha safu wakati huyo mama bado anavalishwa soksi." Marlys hakuinua hata kichwa: "Mwambie babu kilichoganda siyo ziwa peke yake." Basi nikaunganisha hivyo hivyo. Jedwali ni arobaini kwa arobaini, hakuna tarakimu iliyobaki nje, na mashine haikulalamika hata neno. Mashine imenyamaza, binadamu ni nani apige kelele?

3. Ramani ikatoka. Kaskazini-mashariki inchi kumi na nne za barafu, kusini-magharibi inchi tatu. Harlan alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Duane, we! Kaskazini-mashariki ndiko mto unakoingilia! Huko bata wanaogelea Januari nzima. Umelilaza ziwa ubavu!" Naomba tutazame haki, Bi Mkuu. Vitafsiri viwili vimepita bila kosa. Mto haujapita kwenye kitafsiri chochote. Wa kushukiwa ni nani?

4. Kwa hiyo ofisi iiandikie wilaya, mto uhamishiwe kusini-magharibi kabla ya mashindano ya uvuvi ya Jumamosi. Ikishindikana, ziwa lizungushwe. Likigoma nalo, basi bata wafukuzwe, maana ndio wanaoeneza uvumi.

5. Harlan akatazwe kucheka akiwa na kikombe. Karatasi zangu zimelowa.

Fomu ya kuidhinisha ramani, yenye sahihi yangu, imo humu ndani. Ili kuwaziba midomo, mchana huu naendesha pikapu yangu mpaka pembe hiyo hiyo ya kaskazini-mashariki, nikavue kitoweo cha jioni. Nikukatie na wewe kipande?

Wasalimie mumeo na mchungaji, pamoja na akina mama wa kahawa ya Jumapili kanisani, hasa yule wa viazi vya kuoka.

Aliye tayari kwa kazi yoyote,
Duane Skoglund
Mwunganishi Mkuu (na wa pekee)

Nyongeza, saa kumi jioni: Usichapishe! Ichane ile fomu. Pikapu iko chini ya maji, kimo cha watu wawili. Harlan alikuwa amenifuata na ngazi na kamba. Alitambaa kwa tumbo mpaka akanifikia, na safari hii hakucheka. Naandika nikiwa nimevaa suruali ya mume wa Marlys. Marlys amegeuza mistari miwili kwenye programu yake, na sasa ziwa limekaa lilivyoumbwa. Ramani hiyo ndiyo iende kwa mchapaji. Mto ubaki ulipo. Na ile bahati yangu ya miaka kumi na tisa ni uongo. Zilifumuka nyingi tu. Harlan alikuwa akizishona upya bila kukuambia.