Mkono Juu Maana Yake Pandisha

Jumatatu, 4 Agosti

Mwezi wa tisa tangu niondoke nyumbani. Nimechoka mpaka kope. Kazi ni ileile, winchi. Hoteli inaongezwa ghorofa. Mimi nakaa chini na mashine, mpiga ishara anasimama juu ukingoni. Akiinua mkono na kuzungusha kidole, napandisha ndoo ya zege. Akizidi kuzungusha, naongeza kasi. Akipishanisha mikono kifuani, nasimamisha papo hapo. Hatusemezani kutwa nzima. Mdomo unaweza kuota kutu.

Labda ndiyo maana leo jioni, nilipopigiwa simu, ulifunguka ukakataa kufungwa.

Aliyepiga ni baba wa mchumba wangu, dereva wa basi la shule. Mzee wa maneno machache, na kila neno lina breki. Akaniuliza, kijana, huko kisiwani hasa unafanya nini? Swali rahisi! Ningesema winchi, mambo yakaisha. Lakini dirishani nikawaona watalii wanapita juu ya pikipiki za maji, mmoja nyuma ya mwenzake kama bata, kiongozi wao mbele. Mdomo ukasema: naongoza ziara za pikipiki za maji, mzee.

Mzee akasema haya, tuma picha uko juu yake, baharini. Mwisho Jumapili. Maana kuna seremala pale mtaani naye ameleta posa, tena ameileta pamoja na kitanda. Kakichonga mwenyewe, sita kwa sita. Wamekiweka sebuleni kwa sababu mlango wa chumba umekikataa. Familia nzima inapita kwa ubavu.

Kitanda! Mimi nina nini? Nina winchi, nayo si yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Seremala hanifikii kwa akili. Mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nikamchukua Koleo tukashuka ufukweni. Koleo ni fundi bomba. Tunalala chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini, naye hukoroma kama bomba lenye hewa. Nikampa simu yangu anipige picha.

Pikipiki zilikuwa zimepangwa mchangani. Nikapanda ya njano. Nikakunja uso kama mtu anayepigwa na upepo. Koleo akanimwagia ndoo nzima ya maji ili nionekane nimetoka mbali. Picha safi kabisa! Bahari nyuma, mimi mbele, nadondoka maji. Nikatuma.

Jioni mzee akapiga. Anauliza tangu lini pikipiki ya maji ina matairi. Lo! Ilikuwa juu ya tela lake! Nyuma ya mzee nikamsikia seremala mwenyewe, yuko sebuleni kwao, anapaza sauti ati huyo kapanda toroli, baba, toroli hata mimi ninalo! Wakacheka wote. Kitanda nacho nikakisikia kinalia kwii. Kipya, na tayari kinalia. Fundi gani huyo?

Nikamwambia mzee ile ilikuwa siku ya matengenezo. Akasema Jumapili.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeamua kwenda kwa adabu. Nikamfuata kiongozi wa ziara. Watu humwita Miwani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila miwani yake myeusi. Hata usiku anaivaa. Nikamwamkia vizuri, nikamwomba anipeleke kidogo tu, mpaka pale maji yanapogeuka rangi, nipigwe picha, nirudi.

Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia ngumu. Akasema bwana saruji, hizi ni za wageni wa hoteli. Kaongoze ndoo zako. Akacheka peke yake, akaingia ofisini kwake, ambayo ni mwavuli.

Koleo akanishauri nikaibe moja usiku. Nikamwambia mimi ni mwongo, si mwizi. Lazima mtu awe na mipaka.

Lakini Miwani kanipa wazo bila kujua. Za wageni wa hoteli! Basi niwe mgeni wa hoteli. Shida iko wapi?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemtembelea Mama Dobi kule chumba cha kufulia. Mvuke, mashuka, pasi tatu zinapumua. Huyu mama ana moyo. Akanipa shati la maua lililosahauliwa na mgeni zamani, na kofia ya majani yenye ukingo kama sinia. Shati linaweza kunimeza mimi na winchi yangu. Koleo akasema nguo ya kuazima haistiri maungo. Nikamwambia hii inastiri maungo yangu na yake pia.

Nimefanya mazoezi ya kutembea kama mgeni. Si rahisi! Mgeni haharakishi. Mgeni anatazama kila kitu, hata ndoo ya taka, kama zawadi. Mgeni akijikwaa anacheka. Mimi nikijikwaa najitukana. Nimezunguka chumba mpaka Koleo akaniomba nizime taa au nizime mwendo.

Baadaye mchumba wangu akapiga. Yeye ni msusi, huwa anazungumza huku anasuka, kwa hiyo wateja wake wote wanayajua mambo yangu. Akasema wee mwanamume, mimi sijaomba pikipiki, nimeomba mume. Akasema anajua niko kwenye winchi na haoni aibu, winchi ni kazi. Baba ni mkali wa mdomo tu, nimwambie ukweli, yaishe. Ila nifanye haraka, maana mama yake juzi kalalia kile kitanda kwa kukijaribu tu, na hakuamka mpaka asubuhi. Sauti ya mteja ikadakia kwamba mwanamume asiye na kitanda aseme ukweli angalau.

Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa! Ukweli nitausema. Baada ya picha.

Ijumaa, 8 Agosti

Ziara ni kesho asubuhi. Mama Dobi kanipa siri: mgeni mmoja wa ghorofa ya pili tumbo limemwasi, hatakwenda. Nafasi moja iko wazi!

Ikabaki ruhusa. Nikamwendea msimamizi nimeshika shavu. Nikasema jino, bosi, sitaweza kesho. Nikalia kidogo. Nilijishangaa jinsi ninavyoweza. Msimamizi akanihurumia sana. Akaniambia nifungue mdomo. Halafu akamwita Koleo aje na koleo.

Na Koleo, ndugu yangu wa chumba kimoja, akaja mbio! Hakuuliza hata jino lipi!

Nikapona. Msimamizi akasema hajawahi kuona dawa inayofanya kazi kwa kutazamwa.

Sina ruhusa. Nimelala chali natazama chini ya godoro la Koleo. Seremala muda huu anapiga msasa.

Jumamosi, 9 Agosti

Bahati ina macho! Boti ya saruji haikufika. Hakuna saruji, hakuna zege. Hakuna zege, hakuna winchi. Msimamizi akasema winchi wapumzike asubuhi. Winchi ni mimi! Mafundi bomba wakabaki juu, na mpiga ishara akabaki nao kuzuia watu wasisogee ukingoni. Nikamwachia Koleo simu yangu, nikamwambia akiniona baharini apige, asiache.

Nikavaa maua. Nikateremka ufukweni polepole, nikaitazama ndoo ya taka kama zawadi. Miwani hakunitambua! Watu wa saruji anawatambua kwa vumbi, na mimi nilikuwa nimeoga. Akanifunga jaketi la kuelea, akanionyesha pikipiki. Ya njano! Safari hii iko majini.

Wageni wengine walikuwa maharusi wawili, kila mmoja na yake, bwana mmoja mnene mwenye kucheka, na bibi kizee aliyevaa glavu. Miwani akatusomea masharti kwa lugha ya wageni. Darasa langu ni la sita, na lugha ile ilianza la saba. Nikaitikia kwa kichwa. Mwishoni akaanza kuonyesha ishara za mikono, na hapo mimi nikageuka kukaza kofia. Ishara? Mtu anifundishe ishara mimi?

Tukaondoka. Jamani! Miezi tisa nakaa chini natazama ndoo zinapanda, leo nimepanda mimi! Maji yananikata usoni, shati limejaa upepo kama hema, nacheka peke yangu kama mwehu. Nilimfuata Miwani wa kwanza, wengine nyuma yangu. Sikukumbuka seremala. Sikukumbuka hata jina langu.

Tulipofika pale maji yanapogeuka rangi, Miwani akapunguza mwendo, akainua mkono juu. Akazungusha kidole.

Pandisha! Nikapandisha.

Nikampita kama risasi. Nikageuka kumwangalia, maana winchi mzuri hamwachi mpiga ishara wake kwa macho. Anazungusha kwa nguvu zaidi! Nikaongeza. Anazungusha mikono yote miwili! Hiyo sijawahi kuiona, nikajua ni mzigo wa dharura. Nikabana mpaka mwisho.

Sasa nimeelezwa kwamba kwa watu wa baharini ile maana yake ni simameni, mrudi kwangu. Baharini kuna watu wa ajabu.

Wageni nao wakaona kiongozi anapunga mikono na mtu wa maua anakwenda kwa uhakika. Wakamfuata wa maua. Wote! Bwana mnene anapiga kelele za furaha, maharusi wanashindana, bibi kizee kalala juu ya usukani kama mwizi wa pikipiki. Tukazunguka kijisiwa cha ndege, ndege wakahama. Tukapita kati ya maboya ambayo nadhani yaliwekwa ili watu wasipite. Miwani yuko nyuma kabisa, anapiga filimbi. Nikaichukulia kama nderemo.

Halafu mbele nikaliona jengo letu. Na juu ukingoni, mpiga ishara wangu! Kaniona. Kanitambua, sijui kwa vipi, labda kwa ninavyokaa. Akapishanisha mikono kifuani.

Nikazima mashine papo hapo. Mkono wangu hauna mjadala na ishara ile. Pikipiki ikatulia, ikasogea kidogo, ikakaa taratibu juu ya fungu la mchanga. Pembeni yangu ikakaa ya bwana mnene, na za maharusi, na ya bibi kizee. Tukajipanga kama sahani kabatini. Hatua chache mbele ya pua zetu kulikuwa na ukuta wa mawe tunaojenga kuzuia mawimbi. Maji yalikuwa yameufunika kabisa. Sikuuona.



Bibi kizee akaja kunibusu mashavu yote mawili. Bwana mnene akataka kujua ziara yangu nyingine ni lini. Miwani akafika wa mwisho, analia kwa hasira, na miwani imedondoka baharini. Kumbe ana macho madogo ya upole kabisa! Nikamwambia. Haikusaidia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetolewa kwenye winchi. Kuanzia kesho nachekecha mchanga, na ufukweni nisionekane. Msimamizi alikuwa anafoka na kucheka kwa zamu. Alisema kama si mpiga ishara, leo wangekuwa wananiokota kwa kijiko. Nimempelekea mpiga ishara sabuni mpya na soksi. Akaitikia kwa kidole gumba. Ndivyo tunavyoongea.

Lakini picha! Koleo, koroma unavyotaka, nimekusamehe mambo yote. Mimi mbele juu ya pikipiki ya njano, maua yanapepea, mawimbi meupe, na nyuma yangu msafara mzima wa wageni. Nilimtumia mzee alfajiri. Mchumba wangu akasema picha imezunguka saluni yote, imefika kwa seremala, naye kaitazama muda mrefu akauliza kama wanaweza kumsaidia kutoa kitanda. Mlango wa mbele nao ukakikataa, maana alikiungia humo ndani. Sasa wanakaa juu yake kunywa chai.

Halafu mchumba wangu akanipongeza, na hapohapo akanibana. Picha imeshatumwa. Sasa mwambie baba ukweli, leo, kwa mdomo wako. Anasema hataki kuolewa na picha. Nikasema sawa, mpenzi. Nikaketi kitandani, nikayapanga maneno. Mzee, mimi si kiongozi, mimi ni winchi, na kuanzia kesho si winchi pia. Maneno mazuri, mafupi, yana breki. Hata yeye angeyapenda.

Simu ikalia kabla sijapiga. Mzee mwenyewe! Sauti imejaa. Ananiita mwanangu! Anasema posa yangu imekubaliwa, mahari tutaongea kama watu wazima. Na kuna jambo. Ile shule anayoiendeshea basi imemaliza kujenga bwawa, wanatafuta mwalimu wa kuogelea, kazi iko karibu na nyumbani, tena ina nyumba ya walimu. Amewaonyesha picha. Amewaambia mkwe wangu ni mtu wa maji, mnamwona wenyewe. Akauliza, au siyo, mwanangu?

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Naapa nilifungua.

Ukasema ndiyo, baba. Mtu wa maji kabisa.

Sijui kuogelea. Jana nilielea kwa sababu ya jaketi tu. Lakini tufikiri vizuri: kuogelea ni nini? Ni mikono na miguu, na mimi ninavyo vyote, jozi kamili. Kesho jioni naanza mazoezi kwenye pipa la maji ya zege. Koleo anasema pipa halina urefu wa kutosha kwa mtu mzima. Nimemwambia hata watoto wa shule ni wafupi.

Nitafika nyumbani tarehe 29, kabla shule hazijafunguliwa. Mchumba wangu nitamweleza yote nikishafika, taratibu, baada ya harusi.