Ua la Kofia Mpakani

Jumatatu, 7 Aprili
Mbuzi wa jirani yangu Aminieli ameingia tena kwenye maharage yangu. Mstari mzima! Nimeenda kulalamika. Akaniambia mbuzi hajui mpaka, Baba Raheli, hajasoma. Wapita njia wakacheka. Haya.
Nimepita bustani ya masista. Sista Fortunata anaotesha ua la bluu, lina kofia kama ya mtawa. Kasema ni sumu, kuanzia mizizi hadi ua. Nimeomba miche. Ya mapambo, nikasema. Akasita. Akanipa, pamoja na glavu.

Jumanne, 8 Aprili
Mpakani hakuna nafasi. Masale, mimea aliyopanda babu, yamejaa, ndiyo alama kati yetu na kina Aminieli. Nimeyang'oa yote. Yana kazi gani siku hizi? Maua yamekaa vizuri. Dorkas kauliza ni nini. Mapambo, nikasema. Mke wangu akijua jambo, kwaya nzima inajua.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimekaa, nimesimama, nimechungulia. Mbuzi kaja. Kanusa ua. Kapiga chafya. Kalikwepa, kaingia kwenye maharage. Hajasoma!

Jumamosi, 12 Aprili
Balaa. Dorkas amekata majani ya ng'ombe mpakani, na maua humo humo. Akamlisha Sifa, mtamba wake, mwenye mimba! Nimemkuta Sifa amelala, anatetemeka, anatokwa na povu. Aminieli kasikia Dorkas akilia, kawasha pikipiki, karudi na bwana mifugo. Ikabidi niseme nimepanda nini na kwa ajili ya nani. Mbele ya wote. Sifa akiamka kesho, amepona, kasema bwana mifugo.

Jumapili, 13 Aprili
Sifa amesimama! Dorkas kasema sitakula kwake mpaka nipeleke sale kwa Aminieli. Kwetu ukiomba msamaha unabeba jani la sale, na anayeletewa hakatai. Nimezunguka shamba zima. Hakuna hata moja. Niliyang'oa mwenyewe!
Nimeenda mikono mitupu. Nikamwomba Aminieli jani, ili nimwombe msamaha. Alicheka mpaka akakaa chini. Akakata kwake, akanipa, nikampa, akapokea. Akanipa na miche ya masale, nirudishe mpaka wa babu zetu.

Jumatatu, 14 Aprili
Maua nimeyafukia. Masale nimeyapanda, mstari umenyooka kabisa. Nimeusogeza kidogo tu upande wa Aminieli. Hakuna aliyeniona ila mbuzi.
Naye hajui mpaka.