Saa ya Pili ya Pikipiki ya Baba Shamila

Jumatatu, 5 Julai 1993

Baridi na upepo. Vumbi mpaka kwenye uji wa mtoto. Shemeji Yahaya kaja asubuhi, hakukaa hata kitako. Kasema kaka yake, Baba Shamila, yuko Mtera kwenye samaki, mwezi wa tatu huu bila barua, na mke hawezi kubaki peke yake Dodoma mjini kama kuku asiye na mwenyewe. Jumamosi tunahamia kwa mama yao, Mpwapwa. Labda niwe na shughuli ya kueleweka. Nikamjibu ninayo. Sina!

Lakini akili ninayo. Mzee Mustapha, fundi nguo wa sokoni, ana cherehani mbili na magoti mabovu. Mimi nimeachiwa pikipiki. Nikampelekea shikamoo na wazo: tubadilishane. Akaja, akaizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Akaiwasha, akazunguka nayo uwanja. Saa ya kwanza, ya mwendo, nzima. Saa ya pili, ile inayohesabu mizunguko ya injini, mshale umelala. Kasema ng'ombe wa jicho moja hamchukui. Itengenezwe, atarudi Ijumaa baada ya swala.

Baba Shamila aliniambia niitunze. Kuigeuza cherehani nako ni kuitunza.

Jumanne, 6 Julai

Nimeenda kwa Sila, fundi redio, maana saa hii ni ya umeme, haizungushwi na kamba kama mwenzake. Nimemweleza yote: mshale umelala, nikibonyeza honi unashtuka, kisha unalala tena. Hakuinua hata uso. Kasema ni waya wa ethi umelegea, nikwangue kutu pale unapofungwa kwenye fremu, nikaze nati, basi. Akaendelea kupuliza vumbi kwenye redio ya watu.

Nimerudi na hasira. Hajaiona saa, kajuaje? Kaniona wa darasa la saba. Ugonjwa mkubwa hivi utibiwe kwa kukwangua kutu!

Jumatano, 7 Julai

Nimepata! Betri za redio zikichoka tunafanyaje? Tunazianika juani, jioni redio inaimba. Na saa hii si kitu cha umeme? Nimeifungua, nimeipandisha juu ya bati, kioo kikitazama jua. Mama Lea wa chumba cha pili, ambaye mumewe ni dereva wa serikali basi kila chombo anakijua yeye, kasimama na ndoo yake akauliza ikikauka nitaitwanga au nitaisaga. Nimemwambia acheke tu, nguo za Krismasi atakuja kushona kwangu.

Shamila ana mafua. Nilimlaza kifuani kidogo apate joto. Tukapitiwa wote wawili. Naamka, jua linazama.

Alhamisi, 8 Julai

Msiba. Uso wa saa umebinuka kama chapati iliyosahaulika jikoni. Mshale umejikunja. Nimeirudisha mahali pake hivyohivyo, nikawasha. Imelala vilevile. Nimelia kidogo. Halafu kwa kukosa la kufanya nikaikwangua ile kutu ya Sila kwa msasa, nikakaza nati, nikapiga kiki. Mshale ukaamka! Ukapanda moja kwa moja mpaka elfu tisa, ukanasa kwenye lile bonde la uso. Nimezima injini. Elfu tisa. Nimechomoa waya wa betri. Elfu tisa.

Kumbe Sila alijua. Simwambii.

Ijumaa, 9 Julai

Mzee Mustapha kaja na kanzu ya Ijumaa, na cherehani juu ya mkokoteni! Nimeiona kwa macho yangu, nyeusi, maua ya dhahabu shingoni. Nikamwambia sasa mshale umepata nguvu. Akauliza injini inawaka? Nikasema bado. Akauliza hiyo elfu tisa inahesabu nini? Nikasema inakumbuka safari za nyuma. Mama Lea akacheka mpaka akakalia ndoo.

Mzee hakucheka. Kasema mwanangu, ungeiacha imelala ningeichukua hivyohivyo, jana Sila kaniambia ni waya tu. Ila kama unanidanganya kwa kilicho wazi, kilicho ndani ya injini nitakijuaje? Akageuza mkokoteni. Gurudumu lake linalia. Nimelisikia mpaka kona ya msikiti.

Jumanne, 13 Julai

Tuko Mpwapwa. Pikipiki ililetwa nyuma ya lori, sasa iko bandani na mbuzi. Mama mkwe si mbaya, ila kila nikishika kitu anauliza nakipeleka wapi. Barua ya Mtera bado. Lori likipunguza mwendo barabarani namnyanyua Shamila juu, baba yake akishuka amwone kwanza yeye.

Lakini leo nimegundua jambo! Chini ya kitanda cha mama mkwe kuna cherehani ya mkono. Nzima kabisa, ila inaruka mishono. Fundi wa hapa kaitazama mara moja tu, kasema sindano imewekwa kinyume, igeuzwe, itashona. Sindano! Mashine nzima imegoma, yeye anazungumzia sindano. Mafundi wa huku nao! Ugonjwa uko ndani, lazima ifunguliwe yote. Kesho mama mkwe anakwenda hitimani, atarudi alasiri. Muda unatosha.