Mti wa Madamu Umefunguliwa Waya

Jumatano, 9 Julai 1975, Mkuza

Samahani, daftari. Tangu Machi sijakugusa. Isihaka anaota meno. Halali, nami silali. Leo naandika kwa kuwa kuna mtu ananihujumu!

Madamu wa shule, alipokwenda likizo kwao Ulaya, aliniachia mti wake wa kwinsi, tunda la kwao, kama pera gumu la manjano. Umri miaka kumi na miwili, urefu shubiri moja. Unakaa kwenye bakuli, umefungwa waya usirefuke. Akirudi tarehe ishirini akaukuta mzima, cherehani yake ni yangu.

Leo majani matatu chini. Jirani Mwanahalima kapita, kacheka. Kwa nini acheke?

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwaga majivu kuzunguka bakuli. Mwenye mguu wake ajulikane.

Ijumaa, 11 Julai

Nyayo! Nimezifuata mpaka mlangoni kwangu. Zangu. Nilitoka kutazama kama kuna nyayo.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Marui kumwona mjukuu, kautazama mti weee, kaugusagusa waya.

Jumamosi, 12 Julai

Bakuli tupu!

Mama mkwe kaondoka na basi la alfajiri, kwa hiyo hakuona aibu hii. Kikapu chake kizito nilimbebea mwenyewe mpaka kituoni.

Nimekwenda kwa Mwanahalima, nimefunua masufuria yote. Kasema mti wenyewe hautoshi hata kuchokolea meno, auibe wa nini? Kaniambia shoga, kalale.

Jumatatu, 14 Julai

Shemeji Shomari kaja na salamu za mama yake. Mama anasema nisiwe na wasiwasi, mti kaufungua waya, kaupanda huko Marui kando ya kisima, kautilia samadi. Anauliza, ana miaka kumi na miwili hana kimo, na bado mnamfunga? Mwenyekiti wa kijiji keshauandika kwenye hesabu ya miti yao. Kuung'oa, faini.

Nimetaka kukasirika. Aliyemwogesha Isihaka siku arobaini utamgombeza vipi?

Lakini nani kamfundisha kufungua waya? Mwanahalima!

Jumanne, 15 Julai

Nimepata dawa. Mpera wa nyuma ya choo una chipukizi lililopinda vizuri, litaenea bakulini. Madamu haoni vizuri bila miwani. Mwanahalima leo kapita hakucheka. Kwa nini asicheke?

Nimempa shemeji karatasi, aniletee kabla ya Jumapili: waya mwembamba, pima mbili. Mkasi mkali. Ukoga wa kijani wa kisimani, wa kufunika udongo, kopo moja. Kufuli. Na majivu, debe zima. Ya kwangu yamekwisha.