Kahawa ya Jiko Lisilo na Moto

Jumatatu, 5 Agosti 1968
Kesho kutwa baba mkwe wangu, Mzee Abdulghafur, anaamua nani atapika kahawa ya harusi ya binti yake mdogo. Mimi, mkwewe, au Jamaldin, muuza kahawa wa kibaraza cha pili, ambaye mkaa wake hauzimiki wala ulimi wake. Lakini leo nimepata silaha! Dishon, karani wa bandarini anayekaa ghorofa ya juu, kaniletea jiko lililotoka melini. Mpishi wa meli kapewa jipya, hili kamwachia yeye. Zito kama jeneza lenye mtu! Halina mkaa, halina moshi. Dishon asema lina mawimbi, jamaa ya yale ya redio, yanayotikisa chembe za maji mpaka yapate moto. Mke wangu Mwanatumu kauliza, na taarifa ya habari je? Nimemwambia asinitilie nuksi.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeingiza dele la shaba, limejaa kahawa na tangawizi. Nikawasha. Ya Rabbi! Radi! Radi ndani ya nyumba! Cheche za buluu, mlio wa ajabu, Mwanatumu huyo uchochoroni. Dishon kashuka na taulo kiunoni, kachomoa waya.
"Chuma na shaba marufuku, Bwana Jaffar! Gilasi au kauri tu!"
Tena kaniagiza nitie kijiti cha mti ndani ya maji tangu mwanzo, na yakiwa tayari niyaache yapumue kwanza. Kijiti! Kwani nachoma mishikaki?

Jumatano, 7 Agosti
Mzee alikuja baada ya Alasiri. Jamaldin naye, bila kualikwa. Nikaweka maji katika gilasi mpya, laini, bila kijiti. Tukangoja mapovu. Hakuna. Jamaldin kasema hayo ni ya kutawadhia. Nikawasha tena. Kimya. Nikawasha tena! Nikayatoa yametulia tuli, nikatia kijiko cha unga wa kahawa.
Yakaruka! Yote! Mpaka darini! Mkono wangu wa kulia umebabuka. Kanzu ya Mzee imekuwa ramani ya Afrika. Uso wake umesalimika, alhamdulillahi, alikuwa anamgeukia Jamaldin. Na nani alinishika mkono, akanimwagia mtungi mzima wa maji baridi? Jamaldin!

Alhamisi, 8 Agosti
Naandika kwa mkono wa kushoto. Dishon kanieleza: katika gilasi laini maji hupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu. Ukiyagusa tu, mvuke hufumka kwa ghafla. Kijiti huyapa mapovu pa kuanzia. Nikatikisa kichwa kama mwanachuoni. Harusi kapewa Jamaldin. Kaja kunijulia hali, na halwa mkononi, kaniomba nimsaidie kumimina. Kumimina! Heri niungue na wa pili.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimefikiri sana baada ya sala. Kosa ni la gilasi! Iko wazi juu, maji yakapata njia ya kurukia. Basi nimepata kitu kisicho na mlango: mayai! Mombasa nzima itataka mayai ya kuchemsha bila moto. Nimeyapanga ndani na maganda yao, jiko linanguruma. Dishon apiga kelele dirishani kwamba ndani ya yai mna maji, na mvuke utakosa pa kutokea. Ndiyo nia yangu hasa, ukose pa kutokea! Mwanatumu kenda kwa mamake. Mzee Abdulghafur anapita uchochoroni. Nimemwita. Nimemwambia asogee, ainame, aone vizuri.